Balozi wa Tarsimunda Aenda Koboko

Redio ilitangaza kwa sauti nzito kwamba ujumbe wa ngazi ya juu wa Jamhuri ya Tarsimunda umewasili nchini kwa mazungumzo ya kuimarisha uhusiano wa kidugu uliodumu tangu enzi na enzi. Mtangazaji alilikosea jina la nchi hiyo mara mbili, na mara ya tatu akalimeza. Hatumlaumu. Kwa watu waliokuwa ndugu zetu tangu enzi na enzi, Watarsimunda hawakuwa wamejulikana hata kidogo.

Wakati huo Adriko alikuwa kwenye kiti cha kinyozi mjini Arua, ananyolewa kwa maji matupu, maana sabuni ilikuwa imeadimika kama wanasiasa waaminifu. Akamwambia kinyozi afanye haraka. Nchi isiyojulikana na mtu yeyote, aliwaza, balozi wake anaweza kuwa mtu yeyote.

Mtu yeyote akapatikana Oraba, mpakani. Aliitwa Raphaël, Mkongo, fundi wa baiskeli, mrefu, mwenye uso wa kanisani na suti ya marehemu baba yake.

"Mimi nitasema nini?" Raphaël aliuliza.

"Hutasema kitu. Wakubwa wa kweli hawasemi. Wewe kaa, tazama mbali kama unayeona deni la taifa. Msemaji ni mimi."

Wa kwanza kutembelewa alikuwa Asiku, mwenye duka, aliyekuwa akiwaapia wateja kwamba sukari hakuna, huku kitanda chake kikiwa kimeinuliwa na magunia.

"Mheshimiwa anatafuta konsuli wa heshima," Adriko alimnong'oneza. "Baiskeli mpya za Tarsimunda zitapita kwa konsuli kwanza."

"Konsuli anafanya kazi gani?"

"Hafanyi kazi."

"Hiyo naweza," alisema Asiku, akainama kuchungulia chini ya kitanda. "Balozi wako iko napenda sukari?"

Balozi alitazama mbali. Ikaeleweka kwamba anaipenda sana.

Kabla wiki haijaisha, Arua ilikuwa na makonsuli wengi kuliko baiskeli, na kila mmoja alitunza siri ya cheo chake kwa uchoyo mkubwa. Magunia ya zawadi yakapakiwa kwenye pikapu ya kukodi yenye bendera ya shuka. Adriko aliota kuivusha sukari hiyo hadi Kaya, ng'ambo ya mpaka, aiuze, kisha asifanye kazi tena maisha yake yote. Kazi, kwa kweli, alikuwa bado hajaianza.

"Tupitie Koboko kwanza," Raphaël alishauri. "Kuna Mama Elena, tajiri wa ng'ombe. Na huko hakuna mutu ananijua."

Adriko alisikia neno ng'ombe tu.

Mama Elena aliwapokea kwa heshima iliyomtia Adriko kiburi. Uwanja umefagiliwa, ukoo mzima umekaa, vyungu vinachemka. Kaka yake, Mzee Lomoro, ndiye aliyefungua mazungumzo.

"Nyinyi natoka mbali?"

"Mbali sana, mzee. Tumekuja kuimarisha uhusiano baina ya watu wetu na watu wenu."

Wanawake walipiga vigelegele. Adriko hakuwahi kuona diplomasia ikipendwa kiasi kile.

"Na huyu mbona hasemi?"

"Ni desturi ya kwao, mzee. Yeye hukaa, mimi humsemea."

"Hata kwetu iko vile vile," alisema Lomoro, akimtazama Raphaël kwa kuridhika. "Kijana ana adabu. Sasa, mmeleta nini?"

Adriko, aliyekuja kupokea, alikohoa. "Tumeleta nia njema."

"Nia njema iko kwa gari?"

Vijana walikuwa tayari wanashusha magunia.

"Hiyo ni mali ya ubalozi, mzee."

"Ndiyo. Nani mwingine alete?"

Hapo mlango wa nyumba ulifunguliwa, akatoka binti wa Elena, Poni, ndani ya kitenge kipya. Alipiga magoti mbele ya balozi akampa maji ya kunawa. Kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe, balozi alitabasamu.

Adriko alimwinamia sikioni. "Ni nini hiki?"

Raphaël alitazama mbali.

Gunia la mwisho lilipoingia ndani, Adriko aliona heri fedheha kuliko hasara. Akasimama. "Wazee, nisameheni. Huyu si balozi. Hakuna Tarsimunda hapa. Ni Raphaël, fundi wa baiskeli wa Oraba, na mimi ni tapeli."

Elena akacheka mpaka akashika mbavu.

"Tunamjua, baba. Mwaka mzima anamtaka Poni, hana kitu. Tukamwambia, leta mahari na mutu wa kukusemea."

"Na umesema vizuri," alisema Lomoro. "Mpaka hapo mwisho, umetukana mkwe wetu mbele ya wakwe. Hiyo ina faini. Vua koti."

Adriko alifikiria kwenda polisi. Akafikiria pia angeanzaje maelezo yake. Akavua.

"Angalau nipeni chai," alisema.

Chai ililetwa, ya moto, kikombe kikubwa. Adriko akaonja, akakunja uso.

"Vumilia, mshenga," Raphaël alisema, ubalozi wake ukiwa umekwisha. "Sukari ya mahari haifunguliwi kabla wajomba wengine hawajafika."