Injini Yangu ya Chuma na Kompyuta ya Mkwe Wangu

Jumatatu, 9 Septemba

Leo nimeweka dau. Kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya watu, kijiko cha viazi vya kuponda kikiwa bado hewani.

Ilikuwa hivi. Tobin, mume wa binti yetu Darla, kanunua gari jipya. Jekundu kama kidonda. Injini ya silinda nane kama yangu, lakini ya alumini, nyepesi, ina kompyuta, na juu yake kuna kipuliza cha kuisukumia hewa. Kijana kakaa pale mgahawani kwa Oleta anawaeleza watu kwamba injini za zamani ni za makumbusho. Makumbusho! Na mimi nimekaa hapo hapo nasikia.

Nikamuuliza kama ameniona kwenye kabati la kioo. Akasema, la hasha, mzee wangu, wewe bado unatembea, injini yako ndiyo imekufa ila hakuna aliyeiambia. Mgahawa mzima ukacheka. Oleta akacheka mpaka akamwaga kahawa. Yangu.

Mdomo ukatangulia. Nikasema Jumamosi tukutane uwanja wa mbio za magari wa Millfork, robo maili. Akishindwa yeye, Jumapili baada ya ibada asimame mlangoni mwa kanisa atangaze kwamba kabureta, ile ya kuchanganya hewa na petroli bila kompyuta, ndiye mfalme. Nikishindwa mimi... hapo nikakwama. Sikuwa nimefikiria upande huo. Tobin akanisaidia: nikishindwa, anang'oa injini yangu na kuweka ya kompyuta. Anayo moja gereji kwake, imekaa tu.

Nikasema sawa! Kwa sauti!

Gari langu ni la mwaka sabini. Injini ni chuma kitupu, lita saba na ushee, niliijenga kwa mikono hii hii. Nilimposa Lurleen nikiwa nayo, akaniitikia kwa kupiga kelele maana alikuwa hasikii ninachosema. Jioni nikamwambia habari za dau. Akauliza nilikuwa nimekunywa nini. Nikasema kahawa. Akasema afadhali ingekuwa bia.

Jumanne, 10 Septemba

Leo nimezilinganisha injini hizi mbili kwa haki kabisa, bila upendeleo.

Yangu inanguruma. Yake inanong'ona kama mtu mwenye deni. Yangu ikiharibika naitengeneza kwa bisibisi na matusi mawili matatu. Yake ikiharibika unamtafuta kijana mwenye miwani aje aichomeke waya na kuisoma kama barua. Yangu ni mwanamume. Yake ni kalkuleta.

Haya, na yake ina mazuri yake madogo madogo. Inawaka mara moja hata kwa baridi. Inakunywa nusu ya mafuta ninayoinywesha yangu. Ile kompyuta inapima hewa na petroli muda wote, sawasawa kabisa. Kabureta yangu inakisia. Lakini mimi pia maisha yangu yote nimekisia, na ona nilipofika.

Alasiri tukaenda Millfork kujaribu. Yake imemaliza robo maili kwa sekunde kumi na moja na nusu, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinapuliza. Yangu, kumi na tatu kasoro kidogo. Nilipofika Tobin kashashuka, anatia haradali kwenye soseji.

Kwa sauti nimemshinda mbali.

Jumatano, 11 Septemba

Wazo! Lurleen alipoona nacheka peke yangu kwenye uji akatoka nje.

Nimemwendea Tobin na sura ya mzee mnyonge. Nikamwomba tushindane kwa ule utaratibu wetu wa hapa, wa kuandika. Kila mtu anaandika kwenye kioo cha gari lake, kwa rangi nyeupe ya viatu, muda anaotarajia kumaliza. Aliyeandika muda mrefu anaruhusiwa kuondoka mapema kwa ile tofauti. Wa kwanza kuvuka mstari ndiye mshindi. Ila ukikimbia haraka kuliko muda uliouandika mwenyewe, umeshindwa, hata ukifika jana.

Tobin akasema ni haki kabisa, hata alitaka kupendekeza hivyo. Mtoto mwema. Nilikaribia kumhurumia.

Maana mimi nitaandika muda wa konokono! Ataniachia nitangulie, na mimi nitakimbia haraka kiasi, halafu karibu na mstari nakanyaga breki kidogo, navuka taratibu kama bibi harusi. Wanaume wamefanya hivyo uwanja ule miaka yote. Kinachotakiwa ni watu waamini kwamba gari langu limechoka kweli.

Alhamisi, 12 Septemba

Siku ya kulichosha gari.

Asubuhi nilipakia kwenye buti magunia yote ya chumvi ambayo Lurleen kayaweka kwa ajili ya kuyeyushia barafu barazani wakati wa baridi. Nikaenda uwanjani kutambaa. Gari likaruka kama limechomwa sindano! Uzito umeyakandamiza matairi ya nyuma, hayatelezi tena. Muda bora kuliko wa Jumanne. Watu wakapiga makofi. Nikawaangalia kwa chuki.

Chumvi nje. Mpango wa pili: nikachomoa waya mmoja wa plagi. Silinda saba zinafanya kazi, moja imelala. Sekunde kumi na nne kamili. Gari linakohoa, linatikisika, linatia huruma. Safi sana.

Tobin akaja mbio. Mzee, hiyo injini haiko sawa, hebu nifungulie boneti niangalie. Nikaikalia. Akasema mzee, si ni ya moto hiyo? Nikasema mimi napenda joto, ni mambo ya mgongo. Akasimama pale anaongea nami taratibu, hali ya hewa, mahindi, Darla anasalimu. Sikuwahi kumwona ana maneno mengi vile.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimelala kifudifudi. Lurleen kanipaka dawa, hakuuliza kitu, ila mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimerudisha waya. Nikaandika 14.0 kwenye kioo, tarakimu kubwa ili hata vipofu waone. Tobin kaandika 11.6. Yaani natangulia sekunde mbili na zaidi. Kwa muda huo mtu anaweza kuoa.

Hewa ilikuwa ya baridi na kavu. Kabureta inapenda hewa hiyo kama mimi ninavyopenda mafuta ya nguruwe. Nikayazungusha matairi papo hapo yapate moto, moshi mweupe uwanja mzima. Taa za njano, kijani, nikaondoka.

Mama yangu!

Haikuwahi kuvuta vile. Hata siku ilipokuwa mpya. Gia ya pili, gia ya tatu, na kwenye kioo cha kutazamia nyuma Tobin ni nukta nyekundu. Nikajua nimeshinda. Kilichobaki ni kuinua mguu. Nikaanza kuuinua, wallahi. Halafu mtangazaji akapiga kelele kwenye spika: tazameni yule mzee Verlin! Watu jukwaani wakasimama. Oleta alikuwa anapunga aproni.

Nani anakanyaga breki akiwa anapungiwa aproni?

Nikagandamiza mpaka chini.

Sekunde kumi na mbili nukta nne. Muda wangu bora maisha yote. Nimetoka garini nimenyoosha mikono juu, na pale kwenye ubao taa ya ushindi inawaka upande wa Tobin.

Nimewahi mno. Nimeshindwa kwa kushinda.

Nyumbani nimekaa gereji, mkono juu ya injini, mpaka ikapoa. Lurleen akaleta kiti chake, akakaa. Hakunitania. Hapo ndipo nikaogopa kweli.

Jumapili, 15 Septemba

Tobin kaja baada ya ibada na kreni ya kunyanyulia. Akafungua boneti. Akaangalia muda mrefu. Akafunga.

Akasema hawezi. Akasema chuma cha miaka ile kikikimbia vile, mtu akikitoa atakosa usingizi. Dau limekufa, mzee wangu, injini ibaki ilipo. Ila Alhamisi, ule waya wa plagi uliuchomoa mwenyewe, siyo? Ulikuwa unaning'inia chini ya gari.

Nikasema zamani waya zilikuwa zinajichomoa.

Lurleen akanifinya, akasema Verlin, mwambie mtoto asante, ni neno moja tu. Nikafungua mdomo kusema asante. Naapa. Kilichotoka ni kwamba sitaki huruma ya mtu, Jumamosi ijayo turudiane, hakuna kuandika, uso kwa uso, na akishinda achukue injini pamoja na gari lote.

Lurleen kaingia ndani, kafunga mlango kwa ufunguo. Tobin kaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nina uhakika!

Ananizidi sekunde moja tu. Sekunde ni nini? Ni chafya. Na nimeshaona pa kuipata: dereva akiwa mzito, gari linachelewa. Nimemwalika Tobin kula kwetu kila siku wiki nzima. Nyama ya nguruwe, viazi vya siagi, pai za tufaha, aongezewe bila kuulizwa.

Lurleen akishafungua mlango, nitamweleza.