Dakta Izengo Hafi Kirahisi

Jumatatu, 2 Juni 2025

Shule zimefungwa. Sasa naweza kuishi kwa hadhi yangu.

Iwe kumbukumbu kwa vizazi vijavyo: mimi, Revocatus Machibya, mwalimu wa fizikia, mkazi wa Butimba, mjukuu wa mtemi, ndiye Dakta Izengo katika tamthilia ya mtandaoni iitwayo Enzi ya Sayari Saba. Dakta Izengo ni mwanasayansi wa ukoo wa kifalme unaotawala anga. Hakuna aliyeshangaa nilipopewa nafasi hiyo. Damu hujulikana. Halafu wenzangu wote waliojitokeza hawakuwa na koti jeupe.

Leo nimepata pigo. Dorotea, mwongozaji wetu, ametangaza kwamba katika sehemu ya tatu, tutakayoirekodi Alhamisi, Dakta Izengo anakufa. Kombora la Wanyang'anyi wa Angani. Sababu yake: watazamaji wanampenda zaidi Nahodha Mbio, na nahodha anahitaji mtu wa kumlilia.

Nahodha Mbio ni Ojuok. Fundi wa kuchomelea mageti, Mjaluo wa Rorya. Anacheka kabla ya kusema, na watu wanacheka kabla ya kumsikia. Chombo chake cha angani ni simtanki bovu la maji alilolitoboa madirisha mwenyewe. Wanasema anapendeza humo ndani. Hata maji yalipendeza humo ndani.

Nikamweleza Dorotea kwa utulivu kwamba kisayansi kombora lile haliwezi kuniua. Angani hakuna hewa, na pasipo hewa mlipuko hauna cha kusukuma. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, nimekuelewa," akasema. "Unakufa Alhamisi."

Jumanne, 3 Juni

Sikulala vizuri. Si kwa hofu. Kwa kufikiri.

Hili si jambo la tamthilia peke yake. Jumapili kuna mkutano wa ukoo Misungwi, na Shangazi Modesta, dada mkubwa wa marehemu baba, atamtaja msemaji mpya wa ukoo. Nimeshawaambia ndugu wote kwamba mimi ndiye nguzo ya tamthilia hii, kwamba nikitoka, inaanguka. Msemaji wa ukoo hawezi kufa sehemu ya tatu. Watauliza nguzo gani hiyo, na paa mbona bado liko juu.

Saa ya chai, mpango ukanijia mzima mzima. Dorotea hana taa, anategemea jua. Mtu anayekata roho ana haki ya maneno ya mwisho, na hakuna mwongozaji mwenye utu atakayemkatiza. Basi nitasema mpaka jua lizame. Likizama, sijafa. Ijumaa Dorotea anakwenda kurekodi harusi Geita, Ojuok ana mageti yake. Kifo kitaahirishwa. Na kifo kikiahirishwa vizuri, husahaulika.

Nimeandika hotuba. Inaanza na kuumbwa kwa nyota, kisha inaingia ukoo wa Izengo, mtawala mmoja mmoja. Nimejisomea mbele ya kioo nikalia. Nilipofika kwa babu yake Dakta, nikalazimika kukaa chini.

Jumatano, 4 Juni

Kikwazo kidogo. Kiti cha enzi cha Dorotea ni kiti cha plastiki kilichopakwa rangi ya fedha. Mguu mmoja umepinda. Ukoo unaotawala sayari saba hauwezi kufia hapo.

Nikaenda Misungwi. Nilimwamkia shangazi shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekuja kuchukua kigoda cha babu nikakipake mafuta kabla ya Jumapili. Si uongo. Mafuta nitapaka. Sikuona haja ya kutaja vituo vya katikati.

Kigoda hicho ni cha mpingo mtupu, cheusi, miguu mitatu, kimelainishwa na watemi waliokikalia. Hukaa chumbani kwa shangazi chini ya kitambaa cheupe. Alikifunua mwenyewe.

"Machibya," akasema, "babu yako alikaa hapa akiamua kesi za watu waliokuja na mikuki. Wakaondoka wamebeba mikuki yao mabegani, wakizungumza. Kirudi kama kilivyo."

Nikaapa. Shangazi ananiamini kabisa. Hiyo ni dalili tosha kwamba ameshachagua msemaji.

Alhamisi, 5 Juni

Naandika mkono ukinuka moshi. Lakini ni mkono wa mtu mkubwa.

Tulivuka na kivuko kwenda Kamanga. Huko mbele ya kituo kuna mawe makubwa ufukweni ambayo Dorotea anayaita Sayari ya Tano. Kigoda nilikifunga kwa shuka. Mama mmoja aliyebeba ndoo ya dagaa aliomba akikalie kidogo, miguu inamuuma. Nikamweleza kwa heshima kwamba hakikaliwi na mtu asiye wa damu. Akatazama shuka, akaniuliza kama ndani kuna mgonjwa.

Tulipofika nilikwenda kuvaa koti. Niliporudi, Ojuok alikuwa amekaa juu ya kigoda anakula sato wa kukaanga. Alisema kiti kizuri sana, kimetulia. Nikamwomba ainuke. Aliinuka mara moja, akakipangusa kwa shati lake, akaniomba radhi. Hata kuomba radhi anaomba kwa namna ya kupendwa na watu.

Nikakiweka juu ya jiwe refu kuliko yote, linaloangalia ziwa. Dorotea akasema jiwe lile lina mteremko. Nikamjibu kwamba kitu chenye miguu mitatu hakiyumbi, ni kanuni. Halafu nikawasha majani mabichi ndani ya kopo, pembeni, ili upatikane moshi wa sayari. Hilo lilikuwa wazo langu mwenyewe, na upepo haukuwa umepinga wakati ule.

Kombora likapiga. Ojuok akaja mbio kutoka kwenye simtanki lake, akapiga magoti, akasema maneno yake: "Dakta, usituache." Nami nikaanza na kuumbwa kwa nyota.

Mambo yalikwenda vizuri ajabu. Jua lilikuwa linashuka. Dorotea alianza kunifanyia ishara ya kukata shingo. Nikafumba macho, nikaendelea. Nilikuwa nimefika kwa mtawala wa nne wakati upepo ulipogeuka na moshi wote ukaja usoni kwangu. Nikakohoa. Nikainuka kidogo nipate hewa, nikielekeza mkono kwenye nyota ili ionekane imekusudiwa.

Nikasikia kitu kikiviringika nyuma yangu. Kisha maji.

Niliwatuliza wote. Niliwaambia ni mti, na mti huelea. Tukasimama tunatazama maji. Hakuna kilichoelea. Nikaanza kueleza kwamba mpingo, tofauti na miti mingine, ni mzito kuliko maji, lakini Ojuok alikuwa ameshavua shati na kuruka.

Akaibuka mikono mitupu. Akazama tena. Akaibuka. Akasema chini kuna magugu na giza, haoni kitu. Akazama tena.

Hapo nitasema ukweli, maana shajara ni yangu. Nilipiga magoti juu ya jiwe. Nilikumbuka mikono ya babu, jinsi alivyokuwa akikishika kigoda kwa ukingo kabla ya kukaa, kama mtu anayemsalimu mwenzake. Nikaona nyumba ya Misungwi na kile kitambaa cheupe kikiwa hakina cha kufunika. Nikaita, "Babu, nisamehe." Niliita kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Machozi yalitoka, na safari hii sikuwa na kioo.

Jua lilikuwa karibu kuzama Ojuok alipoibuka na kigoda kichwani. Anatetemeka, kifua kimechubuka. Mguu mmoja wa kigoda umepata ufa. Akaniwekea mikononi.

Dorotea hakuwa amezima kamera. Ameniambia hicho ndicho kifo bora alichowahi kurekodi. Nimemjibu kwamba uigizaji wangu huwa unakawia kuiva.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Mkutano wa ukoo.

Nilipaka mafuta kwa wingi, ufa nikaujaza nta. Kilikuwa kinang'aa. Nilikiweka mbele ya shangazi, nikarudi nyuma hatua kadhaa kama inavyopasa. Yeye akainama, akaingiza vidole chini yake, akatoa gugu maji.

Nikasema nilikiosha kwanza.

"Kwa ziwa zima?" akauliza.

Nilikuwa nimeandaa maelezo ambayo ndani yake mimi ndiye niliyeruka majini. Nikayaanza. Watu walitazamana. Hellen, binti wa baba yangu mdogo, ambaye ni muuguzi na hajui sanaa, akanyanyua simu yake akawaonyesha wote. Dorotea alikuwa ameshaweka kipande mtandaoni. Nikajiona nimepiga magoti juu ya jiwe, koti limejaa masizi, namwita babu. Na nyuma yangu Mjaluo mmoja anatoka ziwani amebeba utemi wetu kichwani.

Nilisubiri shangazi aniseme. Hakunisema. Ilipofika pale ninapomwita babu, akaomba arudishiwe. Akatazama mara ya pili, akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Angalau ulilia," akasema. "Huyo kijana aletwe nimshukuru."

Ojuok akaja mchana kwa pikipiki. Shangazi akampa jogoo mweupe na kumketisha upande wa wazee. Mpaka saa ya kuondoka walikuwa wanamwita "mwanetu". Akawachekesha wote, hata mimi kidogo, kwa bahati mbaya.

Msemaji wa ukoo ni Hellen.

Nimempongeza. Ni wazi shangazi hakutaka kunielemea, akijua nina majukumu ya anga.

Jumanne, 10 Juni

Watu wanaangalia kifo changu kila kona. Muuza vocha wa hapa Butimba alinisimamisha akanipa pole ya babu. Nikaipokea kwa niaba ya ukoo wa Izengo.

Dorotea amesisitiza kwamba Dakta amekufa kabisa, amezikwa na nyota. Nimelikubali. Lakini nimemkumbusha kwamba mtu wa nasaba hafi bila kuacha baba, na baba huyo, Mfalme mwenyewe, bado hajaonekana. Atakuja kulipiza kisasi. Anafanana sana na mwanawe. Dorotea hakukataa, alikata simu tu.

Mfalme haingii kimyakimya, huingia na ngoma. Nimempigia Hellen, ambaye sasa anashika funguo za nyumba ya Misungwi, nikamshauri kama ndugu kwamba ile ngoma kuu ya utemi imekaa ndani mno na ngozi yake inahitaji kuanikwa juani. Nimejitolea kuisimamia mwenyewe.

Ameuliza, juani wapi.

Nimemjibu kwamba jua ni lile lile popote. Hilo ni jambo la sayansi.