Kinyume cha Kanisa

Jumatano, 11 Juni

Baridi. Sikulala. Jana Mama Adolphine, mama mkwe wangu ambaye tunakaa kwake hapa Katuba, alitangaza mbele ya sahani ya bukari, ugali wetu, kwamba nikifika tarehe ishirini bila kazi, naenda Kambove kuchimba mawe na kaka yake. "Mukwe," alisema, "kazi ao Kambove." Mke wangu Séphora aliinamia dagaa zake. Mimi na sepetu! Mgongo unauma kwa kufikiria tu.

Lakini tumaini lipo. Bwana Chanda, Mzambia mwenye malori, anatafuta msaidizi hapa mjini. Nimeomba. Nimeandika kuwa niliishi Ndola, kwao Zambia, miaka miwili. Zilikuwa wiki mbili, kwa shangazi, na nilikuwa na surua.

Alhamisi, 12 Juni

Ujumbe wa Chanda umeingia kwenye simu, kwa Kiingereza. Jumamosi saa tatu asubuhi, ofisi iliyo "opposite the church". Neno opposite nalijua tangu shule: opposite ya kubwa ni ndogo, opposite ya mchana ni usiku. Kinyume. Basi kinyume cha kanisa ni nini? Baa, bila shaka. Chanda anatupima akili. Na pale parokiani baa ni moja tu, ya Tracy, ukuta kwa ukuta na kanisa.

Jioni akaja jirani yetu Gauthier na ujumbe uleule. Kumbe naye ameomba! Kiingereza hajui hata salamu, anajua Kibemba cha bibi yake tu. Akaniomba nimtafsirie. Mpango wa kumpoteza ulikuja wenyewe. Nikamwambia opposite maana yake ni en face, mkabala kwa Kifaransa: avuke barabara, agonge lango linalotazamana na kanisa. Alinishukuru mpaka nikaona haya. Haya yenyewe haikukaa.

Jumamosi, 14 Juni

Nimevaa koti la harusi. Mapema niko kwa Tracy, nimeagiza sucré, soda tu. Tracy akauliza nani amekufa. Saa tatu ikafika, Chanda hayupo. Kupitia dirishani nikamwona Gauthier akigonga lango la ng'ambo, nikamhurumia. Lango likafunguliwa. Akaingia. Nikajiambia mbwa watamfukuza tu.

Mzee mmoja mlevi akaketi mezani kwangu. Nikamsalimu kwa Kiingereza, isije ikawa ndiye Chanda. Akahama meza.

Kisha wakapita mama wa kwaya, na Mama Adolphine katikati yao. Alisimama. Aliangalia koti, chupa, mlevi. Akaendelea na safari huku akihesabu kwa vidole: siku sita.

Jumapili, 15 Juni

Gauthier kapata kazi. Baada ya misa alikuja kunishukuru mbele ya nyumba nzima, akiniita yaya, yaani kaka: "Yaya Aristote, kama si weye ningepotea. Ofisi iko en face kabisa, vile ulisema." Na yeye na Chanda walizungumza Kibemba tu, mwanzo hadi mwisho!

Yaani nimemdanganya kwa kumwambia ukweli. Mama Adolphine akauliza imekuwaje nimwelekeze mwenzangu vizuri, halafu mimi mwenyewe niende kwa Tracy. Ameshafua suruali yangu chakavu, ya kwendea Kambove. Ameianika uani, mbele ya dirisha langu. Naogopa kweli.

Jumatatu, 16 Juni

Bahati imerudi! Gauthier amemwambia Chanda kuwa mimi ni mjuzi, na Chanda anahitaji mtu wa pili, wa kumsomea karatasi za mpakani. Jaribio limekuja kwa simu, swali moja tu: nitaje opposite ya "short".

Safari hii sikamatiki. Mwalimu wetu wa shule alitudanganya: opposite si kinyume, ni en face. Nimejifunza kwa uchungu. Na short ni kaputula, Lubumbashi nzima inajua. Basi, en face ya kaputula kuna nini? Niliazima ya shemeji, nikaivaa, nikasimama mbele ya kioo cha Séphora mpaka jasho likanitoka na baridi hii.

Nimejibu: zipu.

Nimemwambia Mama Adolphine ampigie simu kaka yake wa Kambove, asinisubiri.