Dafu, Koroma na Tuzo ya Daktari Anjana

Jumatatu, 6 Machi 1978
Leo nimeuona uhai kwa macho yangu! Dk. Anjana aliniita kutoka masjala nichungulie kwenye hadubini yake. Mbegu za fahali. Zina siku ya nne ndani ya maji ya dafu, bila barafu, na bado zinaogelea! Miaka kumi napanga mafaili ya mifugo, kumbe ndama anaanzia hapa. Daktari alisema sasa mbegu zitafika hai hata kijiji kisicho na umeme. Nilitamka Subhanallah mpaka akaniomba nisogee, kioo kinaingia ukungu.

Jumanne, 7 Machi
Barua kutoka ng'ambo! Ofisi inaruhusiwa kupendekeza mwanasayansi kwa tuzo ya sayansi ya uzazi. Mshindi anapata hadubini mpya. Ya Daktari ina ufa, anachungulia kwa jicho moja, maskini. Na mtu mmoja aliyemsaidia atapewa tiketi ya ndege. Ndege! Mimi ambaye safari yangu ndefu ni kuvuka maji kwa pantoni ya Magogoni. Nassibu, mpiga chapa, naye aliitaka fomu. Nimeificha ndani ya shati.

Alhamisi, 9 Machi
Nimejaza. Sehemu ya Daktari nimeiandika kwa moyo wote, karibu nilie. Sehemu ya msaidizi: Shaibu Kitwana, mteuzi wa madafu, hutambua dafu la maabara kwa kuligonga kwa ukucha. Ukweli, anayegonga ni Kasmir, muuza madafu wa Mtaa wa Narung'ombe. Mimi nayabeba tu. Moja nakunywa njiani.
Mkuu wa ofisi amesema fomu haitoki bila mhuri wa balozi wangu wa nyumba kumi, kuthibitisha niliyoandika. Mhuri tu? Kazi ndogo.

Jumapili, 12 Machi
Mama Mektilda, balozi wetu, hakugonga mhuri. Aliitisha mkutano! Nyumba zote kumi, uani kwake. Akasoma fomu kwa sauti. Sifa za Daktari zilipigiwa makofi. Mzee Ramadhan aliuliza mara mbili kama ni kweli zinaogelea, kisha akatazama juu.
Halafu Balozi akafika kwenye ukucha wangu. Akasema vizuri sana, Ndugu Shaibu atuonyeshe. Nassibu (nani alimwalika?) akaleta madafu matatu, yote ya kijani. Niligonga. Nilitega sikio. Nilikunja uso kitaalamu. Nikachagua. Likapasuliwa: koroma! Nyama imeshakuwa ngumu, mtoto wa miaka minne angelikataa.
Akaitwa Kasmir. Alifumba macho, akagonga yaliyobaki, mara moja moja. Akasema hili bado changa, lirudi wiki ijayo, hili ndilo. Likapasuliwa. Maji maangavu, nyama laini kama uji. Hata mimi nilisahau aibu. Ukucha ule! Sayansi yote ya Daktari imesimama juu ya ukucha ule, na mimi nimepita mbele yake kila siku nikidai nyongeza.
Balozi akalikata jina langu kwa rula, akaandika la Kasmir. Mhuri, pa!

Ijumaa, 1 Septemba
Daktari ameshinda! Hadubini mpya imefika. Alichungulia kwa macho mawili, kisha akaniita mimi wa kwanza. Sasa nimeona hata mikia.
Kasmir ameondoka jana. Hakuwa na koti, Balozi akaamua avae langu. Ndege ilipopaa nililia. Kwa furaha. Na kwa koti.
Aibu ile imenifunza mengi. Leo masjala imepokea barua nyingine: tuzo ya uzazi wa kuku. Nimeshajaza fomu. Shaibu Kitwana, hutambua yai lenye kifaranga kwa kulisikiliza.
Mama Mektilda amepokea fomu kwa tabasamu. Amesema nyumba zote kumi zije uani Jumapili, kila moja na yai lake.