Mwaka Mzima wa Masomo kwa Siku Nne

Jumatatu, 4 Machi

Barua imefika. Afisa wa elimu ya nyumbani, Bi. Krauss, atatutembelea Ijumaa saa nne asubuhi kukagua kibali chetu cha kusomesha watoto nyumbani. Anataka vitu viwili: mpango wa masomo, na kumbukumbu za kazi ya watoto kwa mwaka mzima, siku kwa siku, zenye tarehe.

Mpango ninao. Umebandikwa kwenye friji tangu mwaka jana, nao ni kazi ya akili kubwa, hata kama akili hiyo ni yangu. Unaitwa Jiko ni Shule. Jumatatu supu ya boga, ndani yake jiografia. Jumanne mchuzi wa kondoo, historia. Jumatano keki, hesabu za sehemu. Alhamisi mkate, kemia ya hamira. Mlo na elimu katika sufuria moja. Wizara nzima haijawahi kufikiri hivyo, na niliwaambia wazi katika gazeti la hapa Wirradale, barua yangu ya tatu kati ya kumi na saba.

Kumbukumbu sina.

Mke wangu Bronwyn ni muuguzi; hurudi kutoka zamu miguu imevimba na ulimi mzima. Ameuliza mara ya mwisho supu ya boga ilipikwa lini katika nyumba hii. Nikamwambia mpango haupimwi kwa supu. Akasema basi upimwe kwa kitu gani, maana wiki iliyopita tulikula maharage ya kopo juu ya tosti siku nne, na siku ya tano tosti bila maharage. Nikamjibu kwamba wanafikra wakubwa wote walikula vibaya. Akasema walikula vibaya wao, si watoto wao.

Kibali kikikataliwa, watoto wanarudi shule ya mji Jumatatu ijayo. Yaani nisimame getini mbele ya mwalimu mkuu niliyemwita, kwa maandishi, mchungaji wa karatasi.

Imogen, binti yangu wa miaka kumi na mitatu, ameisoma barua mara mbili. Kule shuleni alinyamaza muhula mzima. Walimu wakadhani ni adabu. Tangu tumtoe ameanza kusema tena, kwa bahati mbaya mara nyingi kunihusu mimi. Leo amesema, "Baba, mimi sirudi kule. Tafadhali usiharibu."

Kuharibu. Mimi.

Jumanne, 5 Machi

Suluhisho limepatikana kabla ya kikombe cha pili cha chai. Kama kumbukumbu hazikuandikwa, ziandikwe. Wanahistoria huandika baada ya mambo kutokea. Mimi nitaandika baada ya mambo kutotokea. Tofauti ni ndogo.

Nimenunua madaftari manne na kalamu za rangi nne, ionekane miezi imepita. Kwa mapishi natumia kitabu kikuukuu cha marehemu bibi yangu, kilichochapwa Uingereza, chenye mlo wa kila siku ya mwaka. Nachukua mlo, naongezea somo. Tarehe 3 Julai: stroberi na krimu, Imogen amejifunza uwiano. Tarehe 16 Julai: watoto wamewasha moto uani na kuoka mkate majivuni, Fergus ameeleza jinsi joto linavyosafiri. Tarehe 20 Desemba: supu nzito ya kukata baridi. Kufikia jioni nimemaliza miezi tisa. Mkono unauma.

Fergus ana miaka tisa. Alipita kuchukua biskuti, akasoma ukurasa mmoja akichungulia begani kwangu. Akauliza tulikulaje stroberi mwezi ambao bomba la uani lilikuwa limeganda. Kisha akauliza baridi ya Desemba ilitoka wapi. "Krismasi tulikula kamba wa baharini kutoka kwenye barafu, baba, na wewe ulishinda umekaa ndani ya beseni la kuogelea la watoto. Na kofia."

Miaka tisa tu, tayari ana roho ya mkaguzi. Nimempa biskuti ya pili anyamaze. Biskuti ameichukua.

Jumatano, 6 Machi

Tatizo dogo, dawa ndogo. Waingereza wana majira yao huko juu ya dunia, sisi tuna yetu huku chini. Basi kila kitu kisogee miezi sita. Julai iwe Januari, Desemba iwe Juni. Nimenakili upya madaftari yote bila kutazama kulia wala kushoto. Stroberi, tarehe 3 Januari. Moto uani na mkate majivuni, tarehe 16 Januari. Siku sikuzigusa, nimebadilisha miezi tu. Mwezi Januari wenzetu wote wako likizo, lakini sisi hatuna likizo; nimeliandika hilo kwa wino mwekundu.

Watoto sikuwafundisha leo, wala jana. Mwalimu alikuwa na kazi. Wameshinda kwa bibi yao.

Bibi yao ni Nola, mama mkwe wangu, nyumba ya pili kutoka kwetu. Miaka sabini na minne, na hana nadharia hata moja. Keki yake ya matunda imeshika nafasi ya kwanza kwenye maonyesho ya kilimo mara kumi na moja. Hajisifu kamwe. Zile tepe za bluu za ushindi amezitundika tu mahali ambapo huwezi kwenda chooni bila kuziona.

Watoto wamerudi saa kumi na moja wakinukia mdalasini, wakibishana. Eti ukihama kutoka trei ya mraba ya inchi nane kwenda ya inchi kumi, unga unaongezeka kwa robo au kwa nusu. Imogen alisema nusu na ushee, akamchorea mdogo wake miraba kwenye vumbi la kioo cha gari. Nikawaambia waache michezo, tuna ukaguzi keshokutwa.

Nola amepita kuleta bakuli la nyama ya kondoo. Akasema, "Mkwe wangu, nasikia siku hizi unaandika vitabu. Si upike siku moja tu, uandike hiyo?" Nikamweleza tofauti kati ya tendo na mfumo. Akasema aha. Ile aha yake ningeweza kuijibu kwa barua nzima gazetini.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya maandalizi. Madaftari ni mapya mno. Nikayalowesha kwa chai na kuyakausha ndani ya oveni, moto mdogo. Wakati huohuo supu ya boga ikaanza, kwa mara ya kwanza tangu mpango uzaliwe, maana nyumba lazima inukie elimu. Mtu mmoja hawezi kuonja na kunusa kwa wakati mmoja. Daftari la nne limeungua pembe. Si vibaya, linaonekana limeishi.

Supu imeungua pia. Hilo sina la kulitetea.

Bronwyn amefungua oveni akitafuta chakula cha jioni. Aliyatazama yale madaftari manne kwenye trei, akaufunga mlango polepole kama mtu aliyeingia wodi isiyo yake. Akasema atachukua ruhusa kesho asubuhi awepo. Nikamwambia hakuna haja. Akasema haja anaiona.

Mazoezi ya maswali baada ya chakula. Fergus amekariri kwamba joto husafiri kwa njia tatu, mbili anazijua. Imogen amekataa kukariri. Amesema yeye akiulizwa atasema kilichotokea. Nikamwambia hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Ijumaa, 8 Machi

Saa nne kamili. Mwanamke mfupi, viatu vya kazi, gari lenye vumbi. Nikamkaribisha supu. Aliitazama, akashukuru, akaomba maji.

Alisoma dakika arobaini. Nilimsaidia kwa maelezo ya falsafa. Akaniomba nimsaidie kwa kunyamaza.

Kisha akasimama kwenye ukurasa mmoja, akausoma kwa sauti. Tarehe 16 Januari, watoto wamewasha moto uani. Akauliza kama nina hakika na tarehe. Nikasema tarehe zangu hazina doa. Akauliza hali ya hewa ilikuwaje. Nikasema nzuri, na upepo wa kutosha kuchochea makaa.

Bronwyn akafunika uso. Fergus ndiye aliyesema. "Baba, hiyo ni siku mlima uliungua."

Tarehe 16 Januari. Nyuzi arobaini na tatu, marufuku ya moto wilaya nzima, hata jiko la kuchomea soseji. Watu wa bonde walihamishiwa ukumbi wa maonyesho na mbwa wao na farasi wao. Bi. Krauss akanieleza, kwa upole wa kutisha, kwamba siku ile alikuwa juu ya gari la zimamoto, kwa kujitolea, saa kumi na tisa mfululizo. Anayewasha moto uani siku kama ile, alisema, hapewi cheti cha kemia. Hupelekwa mahakamani.

Nikawa na machaguo mawili: mhalifu au mwongo. Nimepiga kura chaguzi nyingi, lakini sijawahi kuletewa wagombea dhaifu namna hii. Nikasema ni kosa la mnakili. Akauliza mnakili ni nani. Bronwyn akaninyooshea kidole kabla sijafikiri.

Bi. Krauss akafunga daftari. Akasema hawezi kupitisha haya. Nikaliona geti la shule. Nikamwona mwalimu mkuu akinishikia mlango.

Ndipo Imogen akaanza kusema. Sikumtuma. Mwanzo sauti ilikuwa chini, halafu ikapanda ikawa ya kawaida. Alisema siku ile alikuwa ukumbini na bibi. Watu mia mbili na kumi na wawili, mikate arobaini. Bibi alimwambia, hesabu wewe, mimi napaka siagi. Vipande ishirini kila mkate, sandwichi mia nne. Wakitaka kila mtu apate mbili, zilipungua ishirini na nne. Akampigia mwokaji simu, mikate mitatu zaidi. Vikabaki vipande kumi na viwili, zikatoka sandwichi sita, wakawapelekea watu wa zimamoto. Fergus alikuwa na orodha ya majina na nani hali nini: nguruwe, maziwa, karanga.

Bi. Krauss aliweka kalamu chini. Kisha akasema, "Mwanangu, moja kati ya hizo sita niliila mimi. Siagi ilifika mpaka pembeni."

Imogen akasema bibi huita siagi isiyofika pembeni uvivu.

Akaulizwa hayo yameandikwa wapi. Hayakuandikwa. Akaulizwa baba alikuwa wapi. Akajibu kwamba baba alikuwa nyumbani, akiliandikia gazeti kuhusu kuporomoka kwa hesabu nchini. Alilisema kwa huruma, na hapo ndipo lilipouma.

Uamuzi: kibali cha miezi sita badala ya miaka miwili. Imogen ataandika kumbukumbu mwenyewe, siku ileile jambo linapotokea. Msimamizi wa masomo ya jikoni aandikwe Nola. Madaftari yangu manne alinirudishia, akasema yanafaa sana kuwashia moto, siku inayoruhusiwa.

Imogen alicheka kwa sauti, mbele ya mgeni. Bronwyn akatoka nje kidogo. Aliporudi macho mekundu, alisema ni vumbi.

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari. Ni ushindi. Afisa wa serikali amekiri, mbele ya mashahidi, kwamba mlo na elimu hukaa sufuria moja. Nola alitekeleza nadharia yangu bila kujua. Nimekwenda kumwambia. Akasema aha.

Barua ya kumi na nane imekwisha kwenda gazetini. Kichwa chake: Jinsi Nilivyolisha Watu Mia Mbili kwa Hesabu za Sehemu.

Watoto wako kwa bibi, wanapima zabibu kavu. Nimebaki na hili sharti la siku ileile. Ijumaa tulikwama kwa sababu moja tu: nilichelewa kuandika. Dawa ya kuchelewa ni kuwahi. Imogen ataandika, ndiyo. Mimi nampunguzia mzigo. Nimenunua daftari jipya tangu asubuhi na nimevuka katikati ya Mei.

Tarehe 21 Mei. Manyunyu kidogo asubuhi, kisha jua. Mchuzi wa kondoo, historia. Fergus ameuliza maswali machache. Imogen amemshukuru baba yake.