Grupu Lisilokuwa na Matope

Kwa furaha isiyo na kipimo, watu wote wa Walikale, pamoja na wale wa Masisi wanaotusema vibaya, walitangaziwa kuwa Grupu la Barabara Safi, Mubi hadi Itebero, limeunda Kamati ya Kupokea Ukosoaji Kutoka Nje. Papa Polycarpe, muuza mabati wa Mubi na prezidenti wa maisha wa grupu hilo la simu, aliandika tangazo kwa herufi kubwa, akaweka bendera, akaweka njiwa, kisha akajipongeza mwenyewe ili wengine wajue pa kuanzia.

Kabla ya hapo grupu lilikuwa na kazi moja ya kienyeji. Dereva akikuta pabaya, anashuka, anaingia ndani ya tope, anapima kwa mwili wake, anatuma odio: "Kwenye daraja, goti. Kwa Magloire, kiuno." Watu wanasikia, wanajua waondoke lini. Papa Polycarpe aliona aibu. Mgeni akisikia kiuno, paja, kiuno, atafikiri nini juu ya uongozi?

Utaratibu wa kamati ulikuwa mwepesi. Ukosoaji wa nje unakaribishwa sana, ila mtu wa nje hawezi kuuandika, kwa kuwa yuko nje. Aupitishe kwa mwanachama. Mwanachama akiuleta, atakuwa amesema maneno ya nje, basi naye atawekwa nje, na huko atakosoa kwa uhuru wake wote. Neno "matope" lilifutwa. Lilipoonekana la lazima, mtu aliruhusiwa kusema "unyevu wa maendeleo". Atakayevunja sheria atatolewa, "bila kujali cheo, sauti wala machozi". Maneno hayo ya mwisho Papa Polycarpe aliyaongeza mwenyewe, akayasoma mara nyingi, yakampendeza kila mara.

Wa kwanza kuonja utaratibu alikuwa Mama Kahambu, mfanyabiashara wa kutoka upande wa Butembo, ambaye duka lake linatazamana na nyumba ya Astrid ya kuchajia simu. Maharagwe yake aliyanunua kwa Mama Adrienne, mkulima wa Lushebere, kule Masisi. Yakazunguka nusu ya Kivu salama, yakafika kwenye shimo linaloitwa Kwa Magloire, yakalala humo na kamio, lori lililoyabeba, hadi yakaota. Mama Kahambu alipiga foto ya magunia yenye majani, akaiweka kwenye grupu na maneno ya Mama Adrienne: "Mimi nilituma maharagwe, sikutuma shamba. Nyinyi watu wa Mubi, mbona mulisema barabara iko muzuri?"

Papa Polycarpe alivuka barabara mwenyewe hadi kwa Astrid. Astrid alikuwa makamu wake, kwa sifa moja ambayo hakuna aliyeweza kuipinga: ana mitambo ya jua, simu yake haijawahi kuzimika. Na kwa kuwa kila simu ya Mubi inalala kwake, nyumba yake haikosi watu, na watu hawakosi maneno.

"Hii foto ni ya kilimo," Papa Polycarpe alisema. "Aipeleke kwa wakulima."

"Papa, iko foto ya matope," Mama Kahambu alijibu kutoka mlangoni. "Hayo majani yameota mu matope."

"Umesikia? Amelisema tena! Astrid, mutoe."

"Kwa ya foto ao kwa ya mudomo, Prezidenti?"

"Kwa yote mbili!"

Astrid alibonyeza. Nyumba nzima ilipiga makofi, na Papa Polycarpe akainama kidogo kuwashukuru. Hakujua wanampigia Mama Kahambu, aliyekuwa amekwisha kufungua grupu lingine papo hapo, kwenye benchi la Astrid, kwa umeme wa Astrid. Alilipa jina Matope Tu.

Tangu hapo ufanisi ulikuwa wa kutisha. Aliyelalamika alitolewa. Aliyeuliza fulani yuko wapi alitolewa. Aliyeandika "pole" bila kufafanua ni pole ya nini, alitolewa kwa tahadhari. Malalamiko yalishuka hadi sifuri, na ripoti ikasema barabara imepona. Waliobaki walikuwa prezidenti, makamu wake, na Magloire dereva, ambaye simu yake ilizama zamani kwenye shimo lenye jina lake.

Ndipo ikafika harusi ya Sidonie, binti pekee wa Papa Polycarpe, anayeolewa na mwalimu wa Itebero. Misa ilikuwa Jumamosi asubuhi, na Padri alikuwa amesema wazi: misa ikiisha anapanda pikipiki kwenda kijiji kingine, harudi kabla ya Pasaka. Baba asipomfikisha bibi harusi, ukwe wote unaingia maji.

Alhamisi, Mubi ilianza kuhama. Pikipiki zilipita na masufuria, mbuzi, hata spika za muziki.

"Kwani harusi iko leo?" Papa Polycarpe aliuliza.

"Hapana, Papa. Siye tunaenda polepole," Mama Kahambu alisema, amekalia gunia la maharagwe, yale ambayo hayakuota.

"Papa, na siye tuende nao," Sidonie aliomba.

"Mutoto wa prezidenti haondoki kama mukimbizi. Barabara ni nzuri. Soma grupu!"

Waliondoka Jumamosi alfajiri, ndani ya kamio la Magloire lililofungwa maua. Papa Polycarpe alivaa suti nyeupe. Kufika Kwa Magloire, dereva alisimamisha. "Prezidenti, nishuke nipime?"

"Upime nini? Ingia!"

Kamio liliingia. Liliingia kwa heshima, polepole, likakaa kama mtu anayekalia kochi lake.

Mtandao wa pale unapatikana vizuri zaidi juu ya kichuguu kilicho kando ya shimo. Papa Polycarpe alikirukia kutoka juu ya kamio, suti yake ingali nyeupe, akaandika: "Astrid, tumekwama. Matope iko mpaka mulango. Tuma watu!"

Jibu lilikuja mara moja. Simu ya Astrid, tunajua, haizimiki. "Mpendwa mwanachama, umetumia neno lililofutwa."

"Astrid! Ni miye! Prezidenti!"

"Bila kujali cheo."

Akatuma odio ya kilio. "Bila kujali sauti wala machozi," Astrid alijibu. Akatuma foto. "Foto ya kilimo." Kisha simu ikamwonyesha kwamba ametolewa.

Alishuka hatua moja, akakaa. "Sidonie, mwanangu, nimekuharibia."

Sidonie, amekunja gauni lake ndani ya kamio, hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Papa, usilie. Miye niko mu Matope Tu tangu siku ya maharagwe. Nimekwisha kuwaambia. Wako nyuma ya kona, walilala pale na machepeo ya kuchimbia. Walijua utasoma grupu yako."

Wakatokea kweli: vijana na mbao, wanamuziki, mbuzi, na Mama Kahambu mbele. Sidonie alibebwa juu juu kwenye kiti, gauni halikupata hata tone. Papa Polycarpe alinyoosha mikono kutoka kichuguuni, abebwe naye.

"Papa, tunabeba wanachama tu," Mama Kahambu alisema. "Lakini kuingia kwetu ni rahisi. Unapima, unasema."

"Astrid atacheka!"

"Astrid? Aliandika umetolewa kwa kusema 'matope'. Akaona na yeye amelisema, akajitoa. Saa hii anatusalimia huku."

Basi Grupu la Barabara Safi lilibaki na mtu mmoja tu, yule ambaye simu yake iko chini ya tope. Hadi leo halijapokea lalamiko lolote.

Kutoka ng'ambo, kengele ya Itebero haikusikika, ila odio ya Padri ilisikika vizuri sana, maana naye alikuwa mwanachama: "Ninangojea. Prezidenti ameshapima?"

Papa Polycarpe alitazama suti yake. Alimtazama binti yake, juu ya mabega ya watu, anamsubiri. Akashuka kichuguu, akaingia, akazidi kuingia. Mama Kahambu akamwekea simu mdomoni.

"Kwa Magloire," alisema. "Kifua."

"Kifuaaa!" umati ulishangilia. "Karibu, mwanachama!"