Mabao Manne ya Kamati ya Ushindi

Inatangazwa kwa wananchi wote kwamba kijiji chetu kilishinda nusu fainali siku tatu kabla ya kuicheza.

Ushindi huo niliuandika mimi. Shule niliacha darasa la tatu, lakini nilikuwa na mwandiko mzuri na kiti changu mwenyewe, kwa hiyo nikateuliwa Katibu wa Kamati ya Ushindi. Ilikuwa Novemba 1978. Vita vilikuwa kaskazini, na wilaya za Biharamulo na Ngara zilianzisha kombe la kandanda ili kuinua ari ya wananchi. Maisha yangu yote sijaona timu ya Runazi ikifika fainali ya kitu chochote. Sasa tulibakiza mchezo mmoja tu, dhidi ya Kasulo. Niliitaka fainali ile kuliko mvua, na mahindi yangu yalikuwa yanakauka.

Utabiri niliufanya kitaalamu. Nilihesabu kadi za chama, heka za shamba la ushirika, na mbuzi tuliowatoa kwa wapiganaji. Jibu likaja: tunashinda manne bila.

"Manne ya nani?" aliuliza mke wangu Domisiana, akimenya mihogo. "Golikipa wenu ana jicho moja."

"Mpira nao ni mmoja."

"Baba Audax, ungekuwa unatabiri mvua tungeshakufa sote."

Nilimwandika kwenye kumbukumbu kama mpinzani wa maendeleo.

Tatizo lilikuwa usafiri. Matokeo yalitakiwa mjini Biharamulo kabla ya Jumatatu. Mchezo ulikuwa Jumapili, na lori la mazao huenda mjini Ijumaa tu. Kamati ilikaa Alhamisi tangu asubuhi hadi jioni, ikaona ratiba ya lori haibadilishiki. Tukajaza fomu ya matokeo siku hiyohiyo.

Fomu ilitaka majina ya wachezaji. Nikaanza na Bulugu, kijana anayetufungia kila mchezo. Mwenyekiti Ndassa akanishika mkono.

"Bulugu ana wadhifa gani?"

"Hana, Ndugu Mwenyekiti. Ana miguu."

"Na hiyo miguu inaongozwa na nani?"

Basi akaandikwa yeye, mabao mawili. Katibu wa Kilimo, moja. Mimi nilijipa moja tu, la kichwa, kwa unyenyekevu. Nafasi nane zilizobaki tuliwagawia wajumbe wengine. Mwisho paliulizwa afya ya wachezaji. Mwenyekiti, ambaye hupumzika mara mbili akitoka ofisini kwenda chooni, akasema, "Andika: imara kupita kiasi." Nikagonga muhuri.

Jumapili Kasulo walitufunga matano. Bulugu aligonga mwamba mara mbili. Nililia mbele ya watu, nikijifuta kwa kofia. Mwenyekiti alinituliza kwamba kiofisi bado tumeshinda.

Jumatano likaja lori la jeshi. Afande alishuka na fomu yetu mkononi.

"Hongereni! Tunatafuta watu imara wa kwenda mgambo. Ndassa, mabao mawili, ni nani?"

"Afande, tulifungwa!" alisema Mwenyekiti. Sikuwahi kumsikia akisema kweli hadharani. "Matano! Na hatukucheza sisi, alicheza Bulugu!"

"Bulugu hayumo humu." Akanigeukia. "Muhuri huu ni wa kweli au wa uongo?"

Nikafikiri haraka. Muhuri wa uongo una kifungo.

"Wa kweli, Afande."

"Wewe ndiye wa bao la kichwa? Panda."

Kamati nzima ikapanda, wengine kwa kusukumwa matako. Bulugu na wenzake waliacha majembe wakatupigia makofi. Domisiana alinirushia blanketi. "Baba Audax, natabiri tumbo litapungua!" Ndio utabiri wa kwanza kutimia nyumbani kwetu.

Wiki ya tatu kambini nilipata barua yake. Kasulo nao walikuwa wamepeleka ushindi wao, kwa hiyo wenye kombe, wakiwa na washindi wawili, wakaamuru mchezo urudiwe. Bulugu alifunga matatu. Runazi imo fainali, nami nimo kwenye handaki, nachimba.

Nilimsomea Mwenyekiti Ndassa, aliyekuwa amelala chali baada ya kukimbia mzunguko mmoja.

"Matokeo wameandika lini?" aliuliza.

"Baada ya mchezo. Kisha wakasubiri lori la Ijumaa."

Alijiinua kwa kiwiko.

"Nani amewapa ruhusa?"